Barua Iliyoleta Taka Dozier

Wasomaji wangu, kama hamkupata kukaa Dozier, mtaa wetu sisi Weusi wa Marekani, enzi za kiwanda cha mkate, basi nawaonea huruma kidogo. Alfajiri, kabla taa za barabarani hazijazimwa, harufu ya mkate ilikuwa imeshaingia kila chumba. Watoto waliamshwa na harufu hiyo. Wagonjwa waliokuwa wamekataa chakula waliomba kipande. Mtu wa kwetu akienda kutafuta maisha Chicago au Detroit, alipoandika barua nyumbani hakuanza kwa kuuliza habari za mvua. Aliuliza, "Bado wanaoka?"

Arletha Mabry alifunga mikate katika kiwanda kile kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mtaani, na ndiyo maana chama cha wakazi kilipoundwa walimfanya katibu bila hata kupiga kura. Mumewe Theotis, fundi wa reli, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Jumamosi mchana Theotis aliteleka karai la mafuta uani na kukaanga kambare waliogaragazwa kwenye unga wa mahindi, na nyumba arobaini na moja za Dozier zilijileta zenyewe.

Jirani yao wa ng'ambo ya barabara, Ozella Tate, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

"Kaka Mabry," alisema siku moja akimgeuza samaki kwa uma, "huyu umemkaanga au umemlipizia kisasi?"

"Kama humtaki, rudisha sahani."

"Nirudishe sahani? Mifupa yenyewe nimeshaitafuna!"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Jioni kila familia ilikaa kwenye kibaraza chake, na mtu aliyetaka kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, mwendo wa dakika tano, alitumia saa nzima, kwa sababu hakuna kibaraza alichoweza kukipita bila kusalimu na kuulizwa habari za mama yake.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1989. Siku mashine zilipozimwa, Arletha aliketi ukingoni mwa kitanda na aproni yake mapajani, akalia kama aliyefiwa. Nyasi ziliota uwanjani, madirisha yakavunjika moja baada ya jingine. Hata hivyo vibaraza vilibaki, na Jumamosi zilibaki. Dozier ilikuwa bado mahali pa kuishi.

Halafu, majira ya joto ya 1992, akaja Bwana Crandall.

Alikuja kwa miguu, gari lake aliliacha kwenye kona. Alipanda ngazi za akina Mabry, akavua kofia, akampa Theotis mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "nimeambiwa hapa Dozier hakifanyiki kitu bila wewe."

Tusimcheke Theotis, ndugu zangu. Miaka thelathini na mmoja kwenye karakana ya reli aliitwa "kijana" na mabosi wazungu, hata mvi zilipoanza kumtoka. Aliwafundisha kazi watu watano, wote wakapandishwa vyeo na kuwa wasimamizi wake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumvulia kofia. Arletha, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtungi wa chai baridi, aliuona mgongo wa mumewe ukinyooka kama wa kijana wa ishirini, na moyo wake ukafurahi.

Crandall alieleza kwamba kampuni yake ingejenga "kituo cha usafi" pale penye kiwanda. Wangefyeka nyasi, wangepanda miti, wangewapa kazi watu kumi na watano wa mtaa na kuwajengea watoto uwanja wa michezo. Kilichohitajika ni barua tu kutoka kwa chama, yenye kusema kwamba wakazi wameafiki.

"Nawe ndiye msemaji wao," alimalizia.

Alasiri ileile Arletha alikaa mezani jikoni na taipureta yake, Theotis akimtajia maneno. Pembeni zilikuwa karatasi alizoziacha Crandall. Arletha alikuwa mtu wa kusoma kila kilichowekwa mbele yake. Ukurasa wa tatu aliona maneno: kituo cha kuhamishia taka, tani mia nne kwa siku. Yaani malori ya jiji zima yangekuja kumwaga taka pale Dozier, kisha malori makubwa zaidi yangezizoa na kuzipeleka kwenye dampo la mbali.

"Theo, hapa wameandika taka."

"Zinapita tu, Letha. Hazilali pale."

"Tani mia nne zinapita tu?"

"Ndani ya jengo lililofungwa. Amenieleza yote. Wewe chapa."

"Na mkutano je? Hatujaita watu. Niandike wamekubali lini?"

Theotis alizigeuza karatasi kifudifudi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, si ya mtu aliyekasirika. "Kwa hiyo hata wewe. Mara moja tu maishani mtu mzima amekuja kunitafuta mimi, nyumbani kwangu, kwa heshima. Nimwambie asubiri nikaombe ruhusa kwa Ozella?"

Arletha aliinamisha kichwa akachapa. *Sisi wakazi wa Dozier, baada ya kukutana na kujadiliana, tumekubali kwa kauli moja.* Alijua ni uongo, herufi kwa herufi. Aligonga muhuri wa chama, Theotis akatia sahihi, na usiku ule alilala vizuri. Arletha hakulala.

Kikao cha jiji kilifanyika siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati watu wako vibaruani. Barua ilisomwa, hakuna aliyepinga, kibali kikatoka.

Malori yalianza mwezi wa Mei mwaka uliofuata. Kwanza watu walidhani ni usumbufu wa siku chache. Lakini malori yaliendelea, sitini, sabini kwa siku, yamepanga foleni barabarani injini zikinguruma, yakichuruzika maji meusi ambayo jua liliyapika kwenye lami. Jengo lililosemekana limefungwa lilikuwa na milango mipana kama ya banda la ndege, nayo haikufungwa kamwe. Nzi walikuja. Kisha wakaja panya wakubwa ambao paka wa Ozella aliwatazama na kujifanya hakuwaona. Shuka zilianikwa ndani. Theotis aliteleka karai Jumamosi ya kwanza ya Juni, na kabla samaki hajaiva nzi walikuwa wamefunika unga. Aliumwaga mfuko mzima, akaliingiza karai stoo.

Vibaraza vikawa vitupu. Hicho ndicho kilichomuuma Arletha kuliko harufu. Jioni alipochungulia dirishani aliona viti vimekaa peke yake, mtaa mzima.

Binti yao Renita alizoea kuleta watoto kutoka Cincinnati kila likizo wakae mwezi mzima. Mwaka ule walikaa siku tatu. Asubuhi ya nne mdogo alitapikia sahani ya kifungua kinywa, na Renita akaanza kukunja nguo.

"Mama, nisamehe. Tutakuja wakati wa baridi."

"Wakati wa baridi harufu inapungua," Arletha alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaona aibu. Tangu lini mtu akapanga ujio wa wajukuu kwa kufuata harufu?

Theotis alikwenda kituoni mara mbili kumtafuta Crandall. Mara ya pili mlinzi wa getini, ambaye hakuwa mtu wa Dozier, hakumfungulia.

"Wewe ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

Theotis alirudi nyumbani asimsimulie mkewe. Yalimtoka miezi mingi baadaye. Na zile kazi kumi na tano? Watu wawili wa mtaa waliajiriwa kufagia, mmoja akaacha baada ya wiki sita, kifua kikimbana.

Watu walianza kuhama. Waliouza waliuza kwa bei ya kutupa, wengine walifunga tu milango wakaondoka. Mwaka wa pili kampuni ikaomba kuongezewa kibali ifikie tani mia nane. Hapo ndipo Ozella Tate alipovaa kofia yake ya kanisani na kwenda ofisi za jiji kuuliza nani alikubali haya. Karani akamletea jalada, na ndani ya jalada ilikuwemo barua.

Aliisoma kwa sauti kwenye ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, watu wote wamekaa.

"'Baada ya kukutana na kujadiliana,'" alisoma, kisha akavua miwani. "Kaka Mabry, mimi nakumbuka hata tai uliyovaa Pasaka ya mwaka sitini na nane. Huo mkutano siukumbuki. Mlikutania wapi? Ndotoni?"

Hakuna aliyecheka. Theotis alitazama mikono yake, akachukua kofia akatoka. Arletha alibaki kwenye kiti, akingoja zamu yake ya kuulizwa. Ozella alikuja akamwekea mkono begani.

"Masikini Letha," aliwaambia watu. "Naye alizungukwa, hakujua lolote."

Arletha angeweza kusema palepale. Badala yake aliushika mkono ule wa Ozella.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Theotis alishusha mapazia na kukaa gizani mchana kutwa. Kanisani nafasi yake ilibaki wazi. Barabarani watu waliokula samaki wake kwa miaka ishirini walivuka upande wa pili, lakini wakamletea Arletha keki na supu kupitia mlango wa nyuma, wakimshika mkono na kumwambia ajipe moyo. Alizipokea. Kila sahani aliyoiosha na kuirudisha ilimzidishia uzito kifuani.

Jumatatu ya wiki ambayo jiji lingekaa kuamua ombi la tani mia nane, Ozella alikuja mbio.

"Letha, wakili wa kampuni anasema barua ndiyo ushahidi wao mkubwa. Tukionyesha hakukuwa na mkutano, tumewamaliza. Daftari la mikutano liko wapi?"

"Nitalitafuta," Arletha alisema.

Hakuwa na haja ya kulitafuta. Lilikuwa kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza, mahali alipolificha siku ileile aliyochapa barua. Alilitoa akaliweka mezani mbele ya mumewe.

"Alhamisi naenda nalo."

Theotis hakuligusa. "Ukilipeleka, watajua nawe ulijua."

"Nilijua, Theo."

"Watatuchukia sote wawili."

"Afadhali wanichukie kwa kweli kuliko kunipikia supu kwa uongo."

"Na mimi je? Unataka kunivua nguo mbele ya jiji zima? Niende niwaambie nini, Letha? Kwamba nilinunuliwa kwa neno 'mheshimiwa'?"

Arletha alimshika mkono ulioota sugu za spana. "Njoo tusimame pamoja."

Aliuchomoa mkono, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni ukumbi wa jiji ulijaa watu wa Dozier, wengine wamesimama ukutani. Crandall alikuwepo, hakumtambua Arletha. Wakili wa kampuni aliinua barua juu kama mtu aliyeshinda mchezo wa karata. Alisema kampuni haikujificha, wakazi walikutana wakakubali, na sasa hawawezi kubadili mawazo kama watoto.

Jina la Arletha likaitwa. Alikwenda mbele na daftari kwapani.

"Mimi ndiye katibu," alisema. "Mikutano yote ya chama imo humu kwa mwandiko wangu. Mwaka ule, kati ya Mei na Septemba, hatukukutana hata mara moja. Tazameni wenyewe."

"Bibi," wakili alimkatiza, "hii siyo sahihi ya mumeo?"

"Ni yake. Na kuchapa nilichapa mimi. Herufi 'e' ya mashine yangu imekatika mguu, utaiona hapo kila mstari."

Ukumbi ulinong'ona. Nyuma yake alisikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu, naye alijua pumzi ile ni ya Ozella.

"Basi unakiri mliafiki."

"Nakiri watu wawili waliafiki, jikoni kwangu. Nyumba arobaini hazikuulizwa."

Diwani mmoja, mama wa makamo, aliinama kwenye kipaza sauti. "Bibi Mabry, ulisoma kwamba ni taka?"

"Nilisoma. Ukurasa wa tatu."

"Kwa nini basi ulichapa kitu ulichojua si kweli?"

Arletha alishika ukingo wa meza. "Nampenda mume wangu. Nilitaka aheshimiwe, japo kwa siku moja. Nikamwachia aitoe heshima hiyo kwenye mapafu ya majirani zangu. Sikuwa na haki hiyo, wala yeye hakuwa nayo. Msiwaadhibu hawa kwa kosa letu."

Hakupigiwa makofi. Alirudi akakuta Ozella ameweka mkoba kwenye kiti alichokuwa amekikalia. Hakumwangalia. Walikuja kwa gari moja, lakini Arletha alirudi kwa basi, peke yake, daftari magotini.

Alipofika, Theotis alikuwa amekaa kibarazani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu malori yaanze. Nzi walimzunguka usoni naye hakuwafukuza.

"Umesema?"

"Nimesema yote."

Alisogeza kiti cha pili kidogo, upande wake. Arletha akakaa. Walikaa ndani ya uvundo ule hadi Theotis alipomwomba ampigie pasi suti nyeusi.

Asubuhi Theotis alianza nyumba ya kwanza. Alivua kofia kila mlangoni, akasema maneno yaleyale: "Nilisema kwa niaba yako bila kukuuliza. Nimekuja kuomba radhi." Wengine walimkaribisha ndani. Mmoja alimfungia mlango usoni. Ozella alimsikiliza akiwa amesimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, hakumpa hata kiti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, nimekusikia. Mwambie Letha yeye bado sijamaliza kumkasirikia. Wewe ulikuwa mjinga, Kaka Mabry. Yeye alikuwa rafiki yangu."

Milango kumi na saba ya waliohama ilikuwa imefungwa, mingine imepigiliwa mbao. Arletha, akitazama kwa mbali, alimwona mumewe akivua kofia mbele ya kila mlango, akigonga, akingoja kiasi cha mtu kutoka jikoni hadi mlangoni, kisha akiivaa tena kofia na kwenda mbele.

Baada ya wiki tatu madiwani walikataa nyongeza, wakaamua pia kwamba kibali cha kwanza, kwa kuwa kilisimama juu ya barua ya uongo, kisiongezwe muda. Kituo kikapewa miezi kumi na minane kuondoka. Miezi minane Ozella hakusema na Arletha hata salamu. Siku moja alivuka barabara, akakaa kwenye ngazi za chini, mgongo akimpa.

"Nimekuja kukaa," alisema. "Sikuja kuongea."

"Kaa, dada," Arletha alisema, na machozi yakamtoka kimyakimya.

Lori la mwisho liliondoka mwezi wa Oktoba. Watu wa Dozier walitoka nje, wakasimama barabarani. Mtu angetarajia vigelegele. Badala yake walitazamana, wakaanza kuhesabiana, na hesabu ikaishia nyumba ishirini na nne.

Wale wa nyumba kumi na saba, Theotis alitafuta anwani zao, na Arletha akamchapia barua, moja kwa kila familia, safari hii akisoma kila neno kwa sauti kabla ya sahihi. Majibu yalikuja sita. La mwisho lilitoka Ohio, kwa bibi aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu toka kwao, ambaye zamani aliwashonea watoto wa mtaa mavazi ya Pasaka. Arletha alimsomea mumewe jikoni.

"Nimekusamehe, Kaka Mabry, tena kwa moyo wote. Lakini nyumba yangu niliiacha nikilia, na sasa, nasikia, wamehamia humo watu nisiowajua. Msamaha nimekupa. Dozier yangu siwezi kupewa na mtu."

Theotis aliomba asomewe tena.

Somo tulilolipata Dozier

Ndugu zangu, mtu akija kwako akikupa heshima uliyonyimwa miaka mingi, ipokee, kisha umuulize anataka nini na ni nani atakayeumia. Sauti ya mtaa si mali ya mwenyekiti wala ya katibu. Kabla hujaandika "sisi," pita nyumba kwa nyumba ukaulize. Nawe unayeona kosa la mpenzi wako ukanyamaza ili usimvunje moyo, jua kwamba hujamlinda. Umemwacha aende peke yake penye shimo, na wengine wanamfuata nyuma. Ukikosea, sema mapema, ungali na majirani wa kuwaambia. Sisi tuliushinda uvundo. Watu waliokwenda hawakurudi.